Nembo za Kimakonde na udhu wa bibi aliyesilimu

Swali: Bibi yangu ni Mmakonde aliyezaliwa Mueda, ana nembo, yaani chale za mapambo, usoni na tundu la ndonya, kile kipambo cha kuchomekwa mdomoni. Alisilimu uzeeni. Vijana wa msikitini kwetu wanasema udhu wake hausihi mpaka nembo ziondolewe kwa leza, naye kwa aibu ameacha kwenda darasani. Afanye nini?

Jibu: Swala zake ni sahihi, mwanangu, na alizokwisha kuswali hana haja ya kuzilipa tena.

Hadithi ya Ibn Mas'ud inayowalaani mchanjaji na mchanjwaji sina la kuipinga. Ninachokipinga ni kumshushia laana hiyo mtu aliyechanjwa akiwa msichana, kwa amri ya wazee wake, kabla hajaijua shahada, ilhali Mtume (s.a.w.) alimwambia Amr bin al-As kwamba Uislamu hubomoa yaliyoutangulia.

Wanaodai kwamba maji hayafiki kwenye ngozi hawajui nembo ni nini. Fundi wa Kimakonde hakupaka rangi. Alichanja kwa kisu kidogo, akasugua masizi ndani ya jeraha, na kidonda kilipopona ngozi ikafunga juu ya weusi ule, basi maji yazuiwe na kitu gani? Yenye uzito ni hoja ya najisi, kwa kuwa wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema kweli kwamba damu iliyochanganyika na rangi hunajisi mahali pale. Lakini vijana hawa wamefunga kitabu kabla ukurasa haujaisha: Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaendelea kusema kwamba ikiwa haiondoki ila kwa kujeruhi, na mtu akahofia kuangamia au kuumbuka vibaya kwenye kiungo cha wazi, haimlazimu kuiondoa. Kiungo gani kilicho wazi kuliko uso? Tena Tabarani amepokea kwamba Qays bin Abi Hazim aliingia kwa Abubakar alipokuwa mgonjwa, akamkuta mkewe, Asmaa bint Umays, akimpepea kwa mikono yenye chale za zama za ujahili. Mikono ni viungo vya udhu, na Asmaa ni katika waliohajiri Habasha. Hatukusikia aliyemwamuru aichune.

Kama bibi bado anavaa ndonya, aitoe wakati wa udhu, maji yapite sehemu ya tundu inayoonekana. Mabishano haya usimfikishie, amekwisha kuumizwa vya kutosha. Msindikize wewe mwenyewe darasani, mkae naye safu ya mbele ya kina mama au umkabidhi kwa mwanamke mwenye heshima pale, na atakayemnyooshea kidole mlete kwangu na kitabu chake.