Asali, Kijiko cha Chai na Saa ya Ukutani

Kipupwe kimeingia na maswali yenu yamekuja yana vumbi. Nimechagua sita.

Mwanangu wa miaka minne anakohoa usiku mpaka anatapika. Bibi yake ameleta asali ya Itigi. Nimpe, na mdogo wake wa miezi minane naye? (Mama, Nzuguni)

Mkubwa mpe, dada. Kijiko kimoja cha chai kabla hajalala. Asali imejaribiwa kwa watoto wenye mafua, na waliopewa walikohoa kidogo usiku kuliko ambao hawakupewa kitu. Mdogo usimpe hata ya kulamba kidoleni. Asali yaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtoto chini ya miezi 12 bado haliwezi kuvidhibiti. Vikimea humo hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Hili halina uhusiano na uhalisi wa asali, kwa hiyo bibi asinune. Yeyote kati yao akipumua harakaharaka au kifua kikibonyea ndani, wahi kituo cha afya.

Nilihamia Dodoma kikazi kutoka Tanga. Kila kipupwe damu inanitoka puani. Wenzangu ofisini hunilaza kichwa nyuma na kunimwagia maji utosini. (Mtumishi, Mtumba)

Wenzako wana upendo, ila wanakosea. Ukilaza kichwa nyuma damu haikomi, inageuza njia tu: inashuka kooni, unaimeza, halafu unaitapika na watu wanazidi kupiga kelele.

Umetoka kwenye unyevu wa bahari ukaja nyanda kavu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ikikatika ndiyo basi mpaka mwisho wa mwaka. Ngozi ya ndani ya pua inakauka na kupasuka kama kisigino. Damu ikianza, kaa kitako, inama mbele kama anayechungulia chungu, fungua mdomo upumue. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 bila kuachia. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Mimi mwenyewe nilikuwa naachia kila baada ya dakika mbili nione kama imekata, kumbe kila nikichungulia navunja donge lililoanza kuganda. Sasa naangalia saa ya ukutani.

Ikishakata, usipenge kwa siku hiyo. Siku za kawaida paka Vaseline kidogo mlangoni mwa pua asubuhi na jioni. Ikipita nusu saa haijakata, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali.

Mume wangu anaharisha tangu jana. Mama mkwe anamkorogea maji ya chumvi na sukari kwa kukadiria na mkono. Ni sawa? (Kibaigwa)

Shikamoo yake mpe, ila kijiko kishike wewe. Maji safi lita moja, yaliyochemshwa yakapoa; sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko, vyote visiwe na kilima. Chumvi na sukari huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Sukari ikizidi, huyavuta maji yarudi tumboni na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Anywe kidogokidogo na aendelee kula uji; yakibaki hadi kesho, mwaga. Akiwa ni mtoto, nunua pakiti ya ORS duka la dawa na uulizie vidonge vya zinki. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani au kushindwa kunywa ni safari ya zahanati.

Mafuta ya maandazi yameniunguza mkono. Nipake dawa ya meno? (Chang'ombe)

Hapana, wala yai. Vua pete na bangili, kisha mwagia maji ya kawaida, si barafu, dakika 20. Bomba likiwa limekauka, kata na ndoo vinatosha, mradi maji yatiririke. Funika kwa kitambaa safi, malengelenge usiyatumbue. Jeraha likizidi kiganja chako, au likiwa usoni au kwenye kiungo, nenda hospitali.

Mwarobaini unatibu malaria? (Bahi)

Usiutegemee. Pima kwanza siku hiyohiyo homa inapoanza, kisha ukikutwa na malaria umeze dawa ya mseto mpaka iishe. Najua utaniambia mseto wenyewe umetokana na mmea. Ni kweli, jamii ya pakanga. Ila Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa baada ya kuacha kuuchemsha, badala yake akaikamua dawa kwa joto dogo, maana moto ulikuwa unaiharibu. Sufuria la nyumbani halikuambii kikombe kimebeba dawa kiasi gani.

Jino liliniuma usiku, nikaweka karafuu, likatulia. Nimepona? (Mwanafunzi, UDOM)

Limelewa tu. Mafuta ya karafuu hutia ganzi, tundu liko palepale. Kesho nenda kwa daktari wa meno, karafuu irudi kwenye pilau.