Muulize Fundi: Ruta yangu imekwama kwenye 19

SWALI: Mzee shikamoo. Naishi Ilazo, nina vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba. Nimefunga faiba ya Mbps 50. Waifai ya ruta ya kampuni haifiki kwa wapangaji, nikanunua ruta ya mtumba kwa Sh 45,000 nikaiunga kwa waya kwenye ile ya kampuni. Nikipima spidi kwenye ya kampuni napata 47 mpaka 49. Kwenye yangu ni 19. Asubuhi 19, usiku 19. Huduma kwa wateja wanasema ruta yangu ndiyo mbovu, na wapangaji wameanza kuninunia. Niitupe?
Mama mwenye nyumba, Ilazo

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiitupe, na hao wapangaji waambie wavumilie hadi Jumamosi. Kilichonifurahisha kwenye barua yako ni hiyo 19 ya asubuhi na 19 ya usiku. Wengi huniandikia "intaneti inasuasua" basi, wananiachia nipige ramli. Wewe umenipa namba, tena namba isiyotikisika.

Waifai iliyozidiwa na kuta au na waifai za majirani haitulii hivyo. Utapata 31, ukiingia chumba cha pili 12, jirani akizima yake 40. Mtandao wa kampuni ukielemewa, utauona unazama saa 3 usiku watu wakiwa kwenye mpira, alfajiri unarudi. Namba ikiganda, kuna mahali pana kikomo. Ikiganda kwenye 94 hivi, tundu la waya ni la Mbps 100 na haliwezi zaidi; hilo halikuhusu, umelipia 50. Ikiganda kwenye 9, shuku waya. Mimi mwenyewe hapa Ipagala nilibadilisha ruta mbili kwa sababu ya 9. Kumbe kichwa cha waya nilikibana mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu, na uzi mmoja kati ya nane ulikuwa unagusa pini kwa taabu. Vifaa vikashindwa kuelewana kwa spidi kubwa, vikajishusha hadi Mbps 10. Na mimi ndiye fundi!

Sasa 19 yako. Ruta ni ya mtumba (siyo Mtumba ya Mji wa Serikali, ile nyingine), maana yake ilikuwa na mwenyewe. Nadhani alikuwa na hosteli au duka, akawabania wateja wasimmalizie intaneti, na alipouza hakuifuta mipangilio yake. Chomeka laptopu kwenye ruta yako kwa waya, uzime waifai ya laptopu, upime. Ikija 19 tena, hewa haina kosa. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, tafuta palipoandikwa Bandwidth Control au QoS, ndipo kikomo cha spidi huwekwa. Sitashangaa ukikuta mtu ameandika 20480, yaani Mbps 20 kwa hesabu ya Kbps (Kbps 1,024 kwa kila Mbps moja). Ukipima, 20 hiyo huonekana kama 19 kwa sababu sehemu yake inaliwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data.

Nenosiri la mwenye zamani huna, najua. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Ingiza pini, bonyeza kama sekunde 10 mpaka taa zote zipepese, uachie; mipangilio ya mwenye zamani, pamoja na kikomo chake, inafutika. Nenosiri la kiwandani liko kwenye kibandiko chini ya ruta. Libadilishe siku hiyohiyo, maana mpangaji naye anaweza kugeuza ruta chini juu akalisoma.

Ukishamaliza, tafuta Access Point Mode uiwashe. Ruta ya kampuni ndiyo igawe anwani (namba ambazo kila simu au laptopu hupewa kwenye mtandao), yako itoe waifai tu. Ruta mbili zikigawa anwani kwa pamoja zinakuwa kama makonda wawili kwenye daladala moja.

Kama baada ya hapo waya unatoa 48 na waifai bado iko chini, ndipo tuzungumzie hewa. Kwenye masafa ya 2.4 GHz weka ya kampuni chaneli 1 na yako chaneli 11, zisiingiliane. Ikiwa yako ina 5 GHz, wape wapangaji hiyo, ila haipendi kuta za bloku. Ndiyo maana ruta ikae huko nyuma kwao, barazani, juu, mbali na tangi la maji. Waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100 bila shida. Upitishe kwenye bomba la plastiki, jua la Dodoma halina huruma na waya mtupu.

SWALI: Fundi, kiboksi cha kampuni kimewekwa bridge, yaani kinapitisha tu, ruta yangu ndiyo inayopiga PPPoE, ile ya kuingia kwa kampuni kwa jina na nenosiri. Spidi ni nzuri, WhatsApp inapita, lakini baadhi ya tovuti zinazunguka tu hazifunguki. Nikirudisha ruta ya kampuni zinafunguka.
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja kwa baiti, kwenye ruta yako, nahisi imeandikwa 1500. PPPoE inahitaji baiti 8 zake ndani ya hizo 1500, kwa hiyo andika 1492. Ujumbe wa WhatsApp ni pakiti ndogo, zinapenya. Ukurasa mzito huja kwa pakiti zilizojaa, zikifika mlangoni hazienei, na tovuti nyingine hazipati taarifa kwamba zipunguze. Ruta ya kampuni ilikuja tayari na 1492, ndiyo maana hukuwahi kujua kama namba hiyo ipo.