Tumbo kujaa gesi na kunyonga kila ukila maharage

Pole sana, dada yangu. Unasema ukila maharage na chapati tumbo linajaa, linanyonga, ukienda haja linatulia kidogo, na vipimo vya choo havionyeshi kitu. Daktari alikuambia ni IBS, yaani tatizo la utumbo kusumbua na kuuma bila vipimo kuonyesha ugonjwa. Maumivu hayo ni ya kweli, usikubali mtu akuambie unajitungia.

Maharage, ngano, vitunguu maji na saumu vina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzifyonza vizuri. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachua, gesi inatoka. Gesi hiyo kila mtu anayo, ila mishipa ya fahamu ya utumbo wako inaihisi mno.

Kwa wiki nne hivi punguza vyakula hivyo, pamoja na maziwa na maembe. Kula wali, ugali, viazi, mayai, samaki, karoti. Ukitaka ladha ya saumu, kaanga punje nzima kwenye mafuta kisha ziopoe zote: harufu inabaki, ile sukari haiyeyuki kwenye mafuta. Baadaye rudisha chakula kimoja kimoja, ukiandika unavyojisikia. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, uanze na vijiko viwili.

Tafadhali usijinyime moja kwa moja. Bakteria wazuri wanaishi kwa sukari hizohizo, ukizikata miezi mingi wanapungua.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku, rudi hospitali mapema.