Msitu wa Arabuko, hori ya Mida na ufuo wa Watamu kwa siku moja: anza na kalenda ya maji

Wengi wanaopanga siku ya ndege na bahari upande wa Watamu, kwenye pwani ya Kenya kaskazini mwa Mombasa, huanza kwa kuuliza gari na bei. Swali la kwanza liwe hili: siku hiyo maji yanakupwa, yaani yanashuka kabisa, saa ngapi? Hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hujaa na kukauka mara mbili kila siku, na ndege, wavuvi na waogeleaji wote huifuata. Fika saa isiyo yake na utakuta uwanda wa tope wenye vidoa vyeupe mbali sana, au maji yametanda na hakuna ndege wa kutazama. Wageni wengi huondoka wakisema Mida hakuna kitu, kumbe ndege walikuwapo saa mbili kabla yao.

Tunapendekeza ziara yenye vituo vitatu: msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri, njia ya mbao ya Mida mchana, na ufuo wa Watamu jioni. Vyote viko karibu na njia panda ya Gede, na kutoka hapo hadi Watamu ni kilomita chache tu. Anayetoka Mombasa ana zaidi ya kilomita 100 za barabara mbele yake, kwa hiyo alale Watamu, Gede au Malindi usiku wa kuamkia ziara. Kuondoka Mombasa saa 11 alfajiri kunamaanisha kufika msituni ukiwa umeshakosa saa ya kwanza ya ndege.

Kuchagua tarehe

Katika pwani yetu bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapokuwa mpevu na mwezi mpya unapoandama. Siku hizo na siku mbili zinazofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni. Hiyo ndiyo ratiba unayoitaka, kwa sababu asubuhi unabaki huru kwa ajili ya msitu, maji yanapanda mchana ukiwa Mida, na jioni bahari imejaa ufuoni.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kama saa 4 asubuhi na kupwa kama saa 10 jioni. Tena hayajai vya kutosha kufunika uwanda wote wa Mida, kwa hiyo ndege hawana sababu ya kusogea karibu na mikoko. Kama tarehe yako imeangukia hapo na huwezi kuibadilisha, fanya msitu asubuhi na ogelea kabla ya adhuhuri. Hori itembelee kwa kuangalia mikoko zaidi kuliko ndege, na usimlaumu mwongozaji.

Tazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, ambalo ndilo kipimo cha pwani yote ya Kenya. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni programu za simu zinazoonyesha saa za kimataifa. Ongeza saa 3 upate saa za Afrika Mashariki. La pili ni kusahau kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini, kwa kuwa yote hupita katika mlango mwembamba. Na ukiahirisha ziara kwa siku moja, usibaki na saa zilezile: siku za bamvua maji huchelewa kwa dakika 40 hadi 50 kila siku.

Kuhusu msimu, vitwitwi (ndege wadogo wa kandokando ya maji) na wenzao wanaohama kutoka Ulaya na Asia huwapo kuanzia Septemba hadi Aprili. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo bora kwa ndege na bahari kwa pamoja. Masika, Aprili hadi Juni, barabara za msituni huwa tope na bahari huchafuka.

Msituni, saa 12 hadi saa 3 asubuhi

Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na hakuna msitu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa. Mgeni huuona kama msitu mmoja, lakini ni misitu mitatu tofauti, na udongo ndio unaoitenganisha. Kwenye mchanga mweupe humea mirihi, miti mirefu iliyoachana, na huko ndiko anakotafutwa ndege aitwaye chozi wa Amani pamoja na mnana wa Clarke (Ploceus golandi), ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kenya. Kwenye udongo mwekundu kuna kichaka kizito, na ndani yake hulala bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae), asiyefika hata urefu wa kiganja na vidole. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Huko tazama chini pia: sange, mnyama mdogo mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, hupita akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu.

Saa tatu hazitoshi kwa misitu yote mitatu. Mwambie mwongozaji jioni ya kuamkia siku hiyo unachotaka kuona, achague njia moja au mbili. Ukimtaka bundi, mwongozaji lazima aende mapema kutafuta mti aliolala, au awe anajua alipolala jana. Ukimwambia mkiwa tayari getini, mtapoteza saa nzima mkipekua vichaka. Mkimpata, simameni mita 5 au zaidi, dakika chache tu, bila kumulika. Mwongozaji anayerudia sauti ya ndege kwenye simu mara kumi ili atokee mwambie aache. Ndege huacha kula na kuja kupigana na mpinzani ambaye hayupo, na akifanyiwa hivyo kila siku huhama.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika, soksi juu ya suruali, kwa sababu ya kupe. Nguo nyeupe ziache kwa ajili ya ufuo.

Mida: uwe umekaa kabla maji hayajakimbia

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kupanda kwake katika saa sita, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2 na ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3, basi mita moja na nusu huingia ndani ya saa hizo mbili, na uwanda ulio karibu bapa humezwa mbele ya macho yako. Ndege waliotawanyika kote wanasukumwa kuelekea kwenye mikoko na vipande vya tope vilivyobaki. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa umekaa mwisho wa njia ya mbao.

Kwa hesabu hiyo, maji yakipwa saa 4 asubuhi, uwe kwenye kibanda cha kutazamia saa 5 na nusu na ubaki hadi saa 8. Ukifika saa 7 ukiwa na kundi linaloongea, ndege waliokwisha kusogea wataruka wote kwa pamoja na hawatarudi. Ukitangulia, wao ndio wanaokuja kwako.

Njia ya mbao inaning'inia kati ya mikoko na huyumba. Tembeeni mmoja mmoja mkiachana hatua kadhaa, mshike kamba, na mtoto mdogo atangulie mbele ya mtu mzima, si nyuma. Kanyaga penye mhimili wa ubao. Usishuke kwenye tope hata likionekana kavu juu, kwani mguu huzama hadi gotini na kiatu hubaki. Njiani mwombe mwongozaji akutofautishie mkoko, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu kama penseli. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, ukielekea maji.

Kabla ya kuinua darubini, tazama tope lililo chini yako. Kaa wadogo wa kiume wenye gando moja kubwa huwa wanalipunga juu na chini. Maji yakikaribia wanaacha, kila mmoja anarudi kwenye shimo lake, na wengine hukokota donge la tope na kuziba mlango nyuma yao. Ukiona mashimo yanazibwa, inua darubini: ndege wako njiani.

Anayestahili kusubiriwa ni mla kaa, Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi, mnene kuliko inavyofaa kwa mwili wake. Huzaliana mbali kaskazini, kwenye mashimo ya mchangani katika pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kisha hushuka kuja kwetu. Hukimbia hatua chache, husimama, humnyaka kaa, humtikisa mpaka miguu inakatika, kisha humeza. Nyuma yake mara nyingi kuna kinda la kijivu ambalo limesafiri naye na bado linaomba kulishwa. Pamoja naye utaona sululu wenye midomo iliyopinda, yangeyange, buabua, mdiria, na baadhi ya miaka heroe.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8) inatosha kwa dakika za mwisho ndege wanapokuwa karibu. Kabla ya hapo utahitaji darubini ya miguu mitatu, na hiyo muulize mwongozaji mapema kama anayo. Njia ya mbao iko magharibi mwa hori, kwa hiyo asubuhi jua hukupiga machoni na ndege wote huonekana weusi, lakini kuanzia adhuhuri mwanga huwa nyuma yako. Ni sababu nyingine ya kuchagua bamvua.

Ada ya njia hii huingia katika mpango wa kulipia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu na hori. Lipa ile iliyoandikwa, chukua risiti, wala usikubali kupitishwa kwa njia ya uani.

Chakula cha mchana kiliwe karibu, si Watamu mjini, usije ukala ukitazama saa. Dabaso kuna mkahawa wa jamii uliojengwa juu ya nguzo kati ya mikoko, na sambusa zake za kaa ni nzuri kweli. Agiza kwa simu kabla ya kuingia njia ya mbao, maana kupikiwa papo hapo huchukua muda mrefu.

Ufuoni, saa 9 na nusu hadi saa 12 jioni

Siku ya bamvua maji ya Watamu yatakuwa yanakaribia kujaa mnapofika, na hapo unaogelea bila kukanyaga mwamba wala viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Hata hivyo beba raba za majini. Mwiba ukiingia usiukamue, huvunjikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na usipotoka nenda zahanati.

Kuna sehemu moja ya kuepuka: mlango wa hori ya Mida. Maji yote uliyoyaona yakiingia mchana yatatoka kupitia hapo, na yakianza kutoka mkondo wake humshinda muogeleaji hodari. Ogelea kwenye ghuba, na maji yakigeuka rudi karibu. Hatari kama hiyo iko asubuhi kwa wanaotembea hadi mafungu ya mchanga na visiwa vya mawe maji yakiwa yamekupwa. Saa ya tatu ya kujaa ikiingia, njia ya kurudi haipo tena. Geuka mara tu maji yanapogeuka.

Watamu imeelekea mashariki. Jua huzama nyuma yako, na vivuli huingia mchangani mapema kuliko mnavyotarajia. Anayetaka machweo juu ya maji ayatafute hukohuko Mida.

Kuingia kwa mashua kwenye eneo la hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, kunahitaji tiketi ya shirika la wanyamapori, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu. Beba kitambulisho, maana viwango vya raia, mkazi na mgeni hutofautiana. Lipa ukiwa bado na mtandao mzuri, na hifadhi picha ya risiti kwenye simu. Kombe, matumbawe na nyota za bahari viacheni vilipo, na ukiona alama za kasa mchangani zizunguke.

Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi na fukwe tangu Juni 2020, chupa za maji zikiwemo. Kila mtu abebe chupa yake ya kudumu na lita 2 za maji kwa nusu ya kwanza ya siku, kisha ajaze Dabaso. Mafuta ya kuzuia jua yapakwe nusu saa kabla ya kuingia baharini, yasiishie kwenye mwamba.

Makubaliano na mwongozaji yawe kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha: saa ya kuanza, vituo, nani analipa ada za kuingilia, kama gari litabaki nanyi, na saa ya kupwa mliyoitumia kupanga. Hiyo ya mwisho mwache akutajie yeye kwanza. Asipoijua, tafuta mwongozaji mwingine.