Anza na yale maelezo yako marefu
Dada, umeuliza kama mtu aliyezoea kuchangia tu kwa grupu za WhatsApp anaweza kuanza kuandika makala zake mwenyewe, mimi nasema anza leo. Yale maelezo yako ya magugu maji hapo Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, vile yanafungia maboti ya wavuvi njia, hiyo tayari ni makala, imezama tu chini ya mesej za harambee. Ikopi, ongeza historia kidogo, mfano reli ilifika Kisumu 1901 na enzi hizo paliitwa Port Florence, watu wa huku wanapenda sana hizo vitu. Ila kwa grupu ulikuwa unajibu mtu, sasa msomaji hajui mlianzia wapi, mweleze kila kitu. Laptop usingoje, simu inatosha. Ukimaliza nitumie linki nisome.