Kiuno cha dereva wa semi: mazoezi gani, na yafanyike wapi?

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mimi ni mtu wa Wete, lakini kazi yangu iko bara, naendesha semi kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Nikipata mapumziko ndipo navuka kuja Pemba. Mwaka huu kiuno kimenikamata. Kwenye usukani nastahamili, tabu ni nikishuka: sinyooki mpaka nipige hatua kadhaa, na maumivu yanaingia tako la kushoto, hayafiki gotini. Wenzangu wananiambia nivae mkanda na nijinyooshe kwa kuinama nishike vidole vya miguu. Mama ananikanda kwa mafuta ya makonyo ya karafuu na anataka nilale tu. Nifanye mazoezi gani? Na je, nisali kwenye kiti?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya zoezi lolote: ukipata ganzi sehemu za siri na unapokalia, mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, au mguu ukalegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe Abdulla Mzee pale Mkoani au yoyote iliyo karibu na barabara. Homa, au kukonda bila sababu, navyo vinataka daktari mapema. Hukutaja hata kimoja, kwa hiyo tuendelee.

Safari yako ni zaidi ya kilomita 900, na mgongo wako unapata mambo mawili kwa pamoja: haujongei, na unatikiswa. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na magari makubwa hutikisa katika kiwango hicho hicho. Ni kama pembea inayosukumwa kwa wakati wake: nguvu ndogo, mrusho mkubwa. Diski zilizo kati ya pingili, kwa mtu mzima, karibu hazina mishipa ya damu. Chakula chake huingia kwa kubanwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Ndiyo maana ushauri wa kulala tu siukubali, mama anisamehe. Kukanda kunatuliza, aendelee, ila mafuta ya makonyo ayachanganye na ya nazi kwa sababu yakiwa matupu huunguza ngozi.

Mkanda pia sikushauri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na mikanda hauipendekezi. Na kuinama kushika vidole mara tu unaposhuka ndiko ninakokupinga hasa, maana mgongo umekaa umejikunja kwa saa nyingi, wewe unauongezea mkunjo ule ule. Kwa sababu hiyo hiyo usirukie kufunga turubai au kubeba mzigo. Mpe utingo dakika chache za mwanzo.

Dawa yako ipo kwenye vituo vyako: mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako, na kila unapokula. Shuka ukitazama kabini, umeshika, usiruke. Zunguka gari lote ukigonga matairi, halafu ongeza mzunguko mwengine. Kisha weka mikono kiunoni, jipinde kwa nyuma taratibu mara 10. Maumivu yakihama kutoka takoni kurudi katikati ya kiuno, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kitauma kidogo. Yakiteremka mguuni, acha. Mwisho weka mguu mmoja kwenye ngazi ya kabini, mwengine ubaki nyuma, sukuma nyonga mbele mpaka paja la mguu ulio nyuma livutike kwa upande wake wa mbele, sekunde 30 kila upande.

Ukiwa nyumbani, tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka 10, shusha. Kisha piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kiuno kisiyumbe, ubadilishe. Mara 6 au 8 zinatosha kuanzia. Kinachojenga ni kurudia siku nyingi, siyo kujikomoa siku moja.

Tako la kushoto linanifanya niishuku klachi. Kiti kikiwa mbali, kila ukiikanyaga nyonga inateleza. Kisogeze mpaka uikanyage hadi mwisho huku mgongo umegusa kiti, kunja kikoi ukiweke kwenye bonde la kiuno, na pochi itoke mfuko wa nyuma.

Kuhusu sala, hukumu ya kiti muulize shehe wako. Kwa upande wa mgongo, maadamu rukuu na sijda haziteremshi maumivu mguuni, sioni sababu ya kukaa. Rukuu ivunjie kwenye nyonga, mgongo ubaki sawa kama ulivyofundishwa chuoni. Alfajiri ndiyo ya kuangaliwa: diski zimejaa maji ya usiku na kuinama huzibana zaidi, basi amka mapema kidogo, tembea uani, na wakati wa kutawadha kaa kwenye kigoda uinue mguu badala ya kuufuata chini.

Jipe wiki 6. Maumivu yakivuka goti, au yakibaki vile vile, ukivuka tena kuja Pemba njoo nikupime nguvu za miguu.