Ukienda Homa Bay Kutazama Mambo ya Kale, Anzia Mfangano

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu maeneo ya kihistoria ya Kaunti ya Homa Bay huwa wamekwisha kupanga kuyamaliza yote kwa siku moja. Huwa nawashauri wapunguze. Kwenye ramani maeneo hayo yanaonekana kukaribiana, lakini Mfangano ni kisiwa kinachofikiwa kwa boti kutoka Mbita, na safari ya Ziwa Victoria haiendeshwi kwa saa ya mgeni.

Ondoka Mbita asubuhi, kwa sababu mara nyingi upepo huanza kuvuma mchana na mawimbi hupanda, na usikubali boti ing'oe nanga kabla hujavaa jaketi ya kujiokoa, hata abiria wenzako wakikucheka. Ukifika, tafuta mwenyeji wa kukuongoza; Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba ni mahali pazuri pa kuulizia. Bila mwenyeji utapanda mlima hadi Kwitone, uone miduara myekundu na myeupe kwenye mwamba, kisha ushuke bila kujua kwamba michoro hiyo huhusishwa na Watwa, wawindaji waliotangulia Abasuba, wala kwamba wenyeji walipahesabu kuwa mahali pa kuombea mvua. Keti kwanza chini ya mwamba mpaka macho yazoee kivuli, nawe utaanza kuona duara ndani ya duara, na mistari iliyofifia ambayo hukuiona ulipofika. Wapo wanaomwagia michoro maji ili rangi zing'ae pichani. Tafadhali usifanye hivyo, na mwenzako akitaka kufanya, mzuie, kwani rangi ikishabanduka hakuna wa kuirudisha.

Kisiwa cha Rusinga ni rahisi zaidi, kwa kuwa kimeunganishwa na Mbita kwa barabara. Hapo Kasawanga ndipo alipozikwa Tom Mboya, mwanasiasa na waziri wa Kenya aliyeuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Jengo la kaburi limepewa umbo la risasi, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko maandishi yoyote ya ukutani. Hapa ni nyumbani kwa watu, kwa hiyo bisha hodi, salimia, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Rusinga hiyohiyo ndiko Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikopata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Usitarajie jengo wala sanamu. Kinachoonekana ni miteremko iliyomomonyolewa na mvua, na mgeni asiye na mwongozaji huona mawe tu. Ukiona kipande kinachofanana na mfupa, kiache kilipo umwonyeshe mwongozaji, kwa maana mtafiti hutaka kujua kimetoka katika tabaka lipi la udongo, na kikishatiwa mfukoni habari hiyo hupotea.

Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ambalo masimulizi ya Waluo husema lilimeza kijiji kilichomnyima bikizee hifadhi, nashauri uliache la mwisho. Liko karibu na Kendu Bay, kwa hiyo anayerudi Kisumu kwa njia hiyo anaweza kulipitia bila kuongeza siku nyingine ya safari.